Shanga za Watoto

Jumapili, 9 Novemba

Shanga za mama zimepotea. Jana, Jumamosi, kati ya saa mbili na saa tano asubuhi. Shanga 187. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba niliota.

Kanisani sikwenda. Nimefanya kazi ya kila Jumapili: kumwaga beseni la watoto juu ya shuka, kuchambua rangi, kurudisha kila moja kwenye kikopo chake. Njano kwa njano. Kijani kwa kijani. Sindano kumi na tatu zilitoka, kumi na tatu zimerudi. Makasi matatu. Kila kitu kipo, isipokuwa kile ambacho hakikufaa kuguswa.

Mambo yalikwenda hivi. Ijumaa niliandika kwenye kipande cha katoni, nikakitundika kwenye ngazi: SHANGA. JUMAMOSI. SAA NANE. SIMU IBAKI KWA MAMA YAKO. Saa nane ni mchana, anavyojua mtu yeyote aliyelelewa na jua. Watoto wa ploti hii, nyumba hizi za kupanga, wamelelewa na simu. Waliona nane, wakaja wakati simu inaandika nane. Saa mbili asubuhi.

Mimi niko sokoni Gikomba, nimeinamia mikoba na mikanda ya mitumba natafuta ngozi ya viatu vya shanga ninavyoshona. Ufunguo uko kwa Mama Nekesa, jirani wa mlango wa pili. Manyunyu yanawapiga watoto pale nje. Akawafungulia. Akatazama rafuni, akaona mkebe wa biskuti ulioandikwa SHANGA ZA WATOTO. Akawashushia.

Nilifika saa tano. Watoto kumi na watatu sakafuni, kimya, vichwa vimeinama, vidole vinakwenda. Wamekaa vile vile nilivyowafundisha. Kwa nukta moja nilifurahi. Halafu nikaona mkebe.

Uzi wa mama ulikuwa kwenye taka. Vipande saba.

Jumapili, jioni

Niandike ni nini hasa, maana leo nimeshindwa kumweleza mtu.

Mama alikuwa mkunga kijijini kwetu, Ukambani. Hakusoma. Kila mtoto aliyempokea alimtungia shanga moja. Nyekundu msichana. Nyeupe mvulana. Nyeusi yule ambaye hakulia. Nyekundu 96, nyeupe 82, nyeusi 9. Hesabu nilijifunzia hapo, nikiwa na miaka minne, kidole changu kikipanda juu ya uzi. Aliziita shanga za watoto. Kwa Kikamba haikuwa na shida. Mimi nikaandika kwa Kiswahili juu ya mkebe, na Kiswahili kikanigeuka.

Za watoto. Ni watoto wenyewe, au ni za kupewa watoto? Hakuna aliyeniuliza.

Yangu ni ya arobaini na moja. Nyekundu, ina ufa. Nimeikuta chini ya mkebe. Zilizobaki mle ni 38: nyekundu 31, nyeupe 7. Yangu imo kwa sababu hakuna mtoto aliyeitaka.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimegonga milango kumi na mmoja. Nimevuna nyekundu 9, nyeupe 4.

Shanga za mama zinajulikana. Za zamani, kioo, nzito kidogo. Nyekundu yake ukiitazama tunduni, ndani ni nyeupe. Siku hizi hazitengenezwi hivyo. Nazijua hata gizani, kwa meno.

Brayo wa ghorofa ya tatu alikuwa amevaa sita mkononi. Nikamwambia avue. Akasema, "Lakini Shosh, si uliandika ni zetu?" Nina miaka arobaini na tisa, sina mtoto wala mjukuu, na ploti nzima inaniita Shosh, yaani bibi. Nikakata bangili ile mkononi mwake kwa makasi. Hakulia. Alitazama mkono tu, kana kwamba nimeuondoa wenyewe.

Aibu. Naandika neno hilo na kuliacha hapo.

Kisha Mama Nekesa. Nilimuuliza mbele ya watu kwenye bomba kama hajui kusoma. Akaweka mtungi chini. Akajibu polepole: "Najua, Mama Shanga. Nilisoma ulichoandika."

Watu walicheka. Si yeye waliyemcheka.

Jumatano, 12 Novemba

Ndinda amepiga simu. Mdogo wangu, ndiye aliyebaki nyumbani, ndiye anayepanga ibada ya kumbukumbu ya mama. Mwaka wa tatu. Jumamosi tarehe 6 Desemba. Amealika kila mtu aliyezaliwa mikononi mwa mama, na shanga zitatundikwa mbele, kwenye msalaba wa mbao.

Aliuliza, "Shanga ziko salama, dada?"

Nikasema ziko. Sikusema ziko wapi.

Siku 24 zimebaki. Shanga mkononi 51. Zinazotembea mtaani 136. Nikipata sita kwa siku nitamaliza, na siku moja ya ziada. Hesabu inasema inawezekana. Hesabu haijawahi kumwomba mtoto wa miaka saba bangili yake.

Alhamisi, 13 Novemba

Mpango mpya. Shanga moja ya zamani, nakupa tatu mpya, rangi uitakayo. Nimetangaza kwenye ngazi, kwa mdomo safari hii. Kuandika nimeacha.

Miaka sita nilikata nyuzi za mashati kiwandani, Industrial Area, kibarua, kabla sijashika sindano yangu mwenyewe. Hakuna aliyenionyesha njia. Nilifungua kiatu cha mtu mwingine uzi kwa uzi nikaona kilivyotungwa. Mtu wa namna hiyo hashindwi na watoto wa likizo.

Jumamosi, 15 Novemba

Saa nane mchana. Nimetandika mkeka. Nimeweka sufuria kubwa na kifuniko chake kwa ajili ya simu za wale wakaidi. Beseni. Vikopo. Sindano kumi na tatu zimechomekwa kwenye sabuni, mstari mmoja.

Wamekuja wawili. Walibadilisha shanga, wakaondoka.

Kwa dirisha nawaona wengine kwenye ngazi. Wanane wamezunguka simu moja. Nyuso za buluu. Hivi ndivyo nilivyowakuta Agosti, siku nilipoanza mambo haya. Nilijiambia nawaita wasinikanyagie ngozi niliyoianika. Uongo. Niliwaita kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno.

Nilikaa mkekani peke yangu. Jua likaingia kwenye vikopo, rangi zikapanda ukutani, doa la njano, doa la kijani, yanatembea taratibu kama ng'ombe wanaorudi nyumbani. Nikalala. Mama alikuwa anatunga bila kutazama. Shanga zilikuwa zinapanda mlima zenyewe, moja moja, na kila ikifika juu inalia kama mtoto mchanga. Nilikuwa nahesabu. Nilifika mia moja na themanini na sita, Brayo akapiga kelele nje, nikaamka.

Jumanne, 18 Novemba

Biashara imeshika. Wanakuja kabla sijafungua. "Shosh, niko na nne." "Shosh, mimi tano, nataka za dhahabu."

Nyeupe 28. Nyekundu zinamiminika, hata sizichunguzi tena. Jana 70. Leo asubuhi 89. Mchana 104.

Mama hakuzalisha wasichana mia moja na wanne.

Nimezimwaga zote kwenye sahani. Zina harufu. Rangi ya kucha. Nimezisugua moja moja kwa kitambaa na dawa ya kuondolea. Kumi zimebadilika mkononi mwangu kuwa buluu, shanga zangu mwenyewe kutoka beseni langu mwenyewe, zimepakwa na kukaushwa vizuri, hata tundu limeachwa wazi. Nyekundu halali: 94.

Nilikasirika mpaka nikaanza kucheka. Mtu amekaa chini akapaka shanga kumi kwa ncha ya kijiti bila kuziba tundu. Kazi hiyo inataka saa mbili na mkono usiotetemeka. Hakuna simu inayofundisha hilo. Mimi ndiye niliyefundisha.

Tukiwaza vizuri, nimeibiwa na wanafunzi wangu bora.

Jumatano, 19 Novemba

Hakuna aliyekuja na kitu. Biashara imekauka.

Nina 122. Zimebaki 65: nyekundu 2, nyeupe 54, nyeusi 9.

Nyeusi hata moja. Tangu siku ya kwanza, hata moja. Hilo linanikosesha hamu ya chakula. Nyekundu ilipotea huku na kule, nyeupe pia, kila mtoto kidogo kidogo. Nyeusi zimekwenda pamoja. Mtu mmoja anazo.

Ijumaa, 21 Novemba

Nilikuwa nashona kamba ya kiatu, sifikirii chochote. Mkono unakwenda. Sita, moja. Sita, moja. Ua la shanga hutungwa hivyo: sita kuzunguka, moja katikati.

Hamsini na nne ukigawa kwa tisa unapata sita.

Nikaweka sindano chini.

Maua tisa. Petali nyeupe, katikati nyeusi. Na ua nimemfundisha mtoto mmoja tu, kwa sababu wengine hawana subira ya kurudisha uzi nyuma. Nekesa. Miaka tisa, haongei sana, ana mwanya. Hajakanyaga kwangu tangu nimtukane mama yake kwenye bomba.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimekwenda mlango wa pili. Mita nne. Sijawahi kutembea mbali hivyo.

Mama Nekesa alifungua akiwa bado na aproni ya kiwandani. Nilikuwa nimepanga maneno. Yalitoka haya: "Maandishi yalikuwa yangu. Yote mawili. Saa na mkebe." Alivua aproni. Akasema, "Ingia, chai inachemka." Basi. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nikapewa kikombe.

Nekesa alikuwa nyuma ya pazia. Aliuleta mkufu mwenyewe, juu ya viganja viwili, namna mtu anavyobeba maji. Maua tisa yameshikana mkono. Hakuna uzi unaoonekana. Petali zimelala sawa, hata moja haijapinda. Mimi singeweza kulifanya hilo nikiwa na miaka ishirini.

Nikamuuliza kwa nini nyeusi zote.

"Hizo ni macho. Ua bila jicho halioni, Shosh."

Nikamuuliza kwa nini hakubadilisha, angepata shanga 189 mpya. Akasema alijua nitaukata mkufu.

Ni kweli. Nilikuwa na makasi mfukoni mwa sweta.

Jumapili, 23 Novemba

Mkufu uko mezani kwangu; Nekesa aliniachia. Makasi yako kando yake. Tangu nitoke kanisani nimevitazama tu.

Uzi wa mama ulikuwa mstari mmoja. Kila mtu na nafasi yake. Mtu mzima akija kumsalimu, mama alimshika kidole akakipeleka: wewe ni huyu. Nimejaribu kukumbuka mpangilio. Nyekundu, nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, nyeupe, nyeusi… Nimeufikisha mpaka arobaini na moja. Mpaka yangu. Mbele yake hakuna kitu. Miaka yote ile nilihesabu mpaka mwisho, lakini kukumbuka nilikumbuka mpaka kwangu tu.

Hata ya Ndinda siijui iko wapi.

Kwa hiyo kusema kweli: mpangilio ulikufa na mama. Miaka mitatu nilikuwa nimehifadhi uzi na mkebe. Watoto walikata kitu ambacho tayari hakuna aliyejua kukisoma. Inauma kuliandika hilo. Nimelala njaa kwa ajili ya vitu vidogo kuliko hili.

Wale tisa wasiolia. Mama hakuwahi kuwasema. Kidole chake kilipofika kwenye nyeusi kilipita haraka. Sasa kila mmoja amezungukwa na wavulana sita.

Makasi nimeyarudisha kwenye beseni.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimempigia Ndinda, nimemwambia yote. Nikasikia kuku upande wake. Kisha: "Dada, ulisema ziko." Akakata.

Ana haki. Lakini yeye pia hakuwahi kuja Nairobi hata mara moja kuzitazama. Nalo liandikwe.

Jumamosi, 29 Novemba

Wamerudi. Kumi na watatu. Nilipita mlango kwa mlango nikasema: saa nane, wakati kivuli cha tangi la maji kinagusa lango. Wote wamefika kwa wakati. Simu tatu kwenye sufuria, kifuniko juu. Moja iliita humo ndani kama mdudu aliyenaswa. Hakuna aliyeinuka.

Nikamwita Brayo mbele, nikauvika mkono wake bangili mpya ya shanga ishirini, niliyoitunga mwenyewe, na nikamwomba msamaha wasikie wote. Alikubali kwa kichwa. Halafu akasema, "Shosh, zile za rangi ya kucha ni mimi." Darasa lilianguka kwa kicheko.

Kisha nikawaambia. Kila shanga ni mtu. Yupo aliyezaliwa mvua ikinyesha. Yupo aliyetoka miguu kwanza. Huyu mwenye ufa ni mimi.

Mtoto mmoja alirudisha shanga sahanini taratibu, kama aliyemkanyaga mtu mguu.

Nikawaambia tutatunga upya, pamoja. Nyekundu 94 na nyeupe 28 kwenye uzi mrefu, na mkufu wa Nekesa katikati, haukatwi. Nyekundu mbili hazitapatikana. Brayo anasema ziliingia mtaroni siku ile ile, aliziona zikienda. Mahali pake tumefunga mafundo mawili.

Wakaanza kuuliza majina. Huyu anaitwa nani? Sijui. Basi wakawapa. Nyekundu zikapata majina ya shangazi zao, na ya walimu, na ya keki. Nyeupe zikapata majina ya wachezaji wa mpira mpaka nikakataza. Kila mmoja alitunga yake, akaitaja jina, akapitisha uzi kwa jirani. Uzi ukazunguka mkeka. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye vikopo na vidole vyao vilikuwa vyekundu, na nilisikia majina yanapita, yanapita, kama mtu anasoma rejista ya shule iliyo mbali sana. Sikujua kama niko macho. Sikutaka kujua.

Yangu alitunga Nekesa. Sikumwomba. Aliiweka jirani na ua la kwanza, upande wa ufa ukatazama chini.

Jumla: shanga 185, mafundo 2. Mia moja themanini na saba.

Jumatatu, 1 Desemba

Nimemtumia Ndinda picha. Nimemwandikia kila kitu: maua, mafundo, kwamba mpangilio umepotea na hautarudi. Nimemuuliza kama nizilete hivi, au nikate nitunge mstari mmoja ulionyooka, ulivyokuwa.

Amejibu kwa kidole gumba.

Kidole gumba maana yake nini? Lete? Kata? Nimeona? Nimewakataza watoto simu, sasa mdogo wangu ananijibu kwa kidole ambacho hata si chake.

Jumanne, 2 Desemba

Nimempigia mara tatu. Hashiki. Jioni ameandika: tutaona.

Ibada ni Jumamosi. Nasafiri Ijumaa alfajiri. Kukata na kutunga upya shanga 185, pamoja na kufungua maua bila kupasua kioo cha zamani: kazi ya saa saba, mchana mmoja kamili. Siku ninayoweza kuifanya ni Alhamisi. Hakuna nyingine.

Mama Nekesa ameniuliza nitafanyaje Ndinda akisema nikate. Nikamwambia nitakata. Ni mama yake pia. Alinioshea vikombe, akaenda.

Jumatano, 3 Desemba

Hakuna neno.

Nekesa alikuja akakaa mlangoni. Alitunga ua moja la njano, akaliacha juu ya mkebe, kwenye yale maandishi. Limefunika neno la mwisho. Sasa inasomeka SHANGA ZA, halafu ua.

Nimeliacha hapo.

Alhamisi, 4 Desemba

Saa kumi na mbili na nusu. Jua ndilo linachomoza upande wa Kangundo Road. Ploti bado imelala, isipokuwa Mama Nekesa anayetoka kwenda kiwandani. Nimesikia viatu vyake kwenye ngazi. Nilimtungia mimi.

Shanga ziko mapajani. Zina baridi ya asubuhi. Nimezipitisha kidoleni mara mbili, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na kidole kilipofika kwenye nyeusi hakikuweza kwenda haraka. Kila upande kuna petali. Lazima kizunguke.

Makasi yako mezani, yamefungwa. Sina hasira tena. Nimechoka tu, na nataka kujua.

Nimemwandikia Ndinda haya, nimeyanakili hapa kama yalivyo:

"Ndinda. Wewe na mimi tuko humu ndani, sijui wewe ni ipi, na sitajifanya najua. Nizilete hivi zilivyo, ndiyo au la? Sitaki kidole. Sitaki tutaona. Nipigie unijibu kwa mdomo wako, kabla ya saa nne leo. Saa nne ya asubuhi. Saa ya mama, si ya simu."